Mifuniko ya Sufuria

Jumanne, mtaani Picha ya Ndege

Mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, na binti yangu Nasra amelilia simu mpaka sauti ikamkauka. Ana miaka miwili na nusu, na mpaka leo asubuhi alikuwa hajatamka neno linaloeleweka. Nilikuwa naogopa ni mimi niliyemharibu kwa katuni za kwenye simu.

Mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Kisarawe, akaniambia, "Iweke kabatini hiyo simu, mwanangu." Nilikasirika kimoyomoyo, lakini nikaiweka. Akazishusha sufuria zangu zote sakafuni, akamwonyesha mtoto kutafuta mfuniko wa kila moja. Saa nzima waligonga na kucheka.

Mama alipoinuka kwenda kuswali, Nasra alimshika kanga. "Bibi, tena!"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Alhamdulillahi.

Nimemsihi mama abaki mpaka mwisho wa mwezi. Amekubali.