Makala Juu ya Faili la Kaka

3 Machi

Kaka mpendwa,

Tafadhali, neno lolote la barua hii lisitoke kwako, hata kwa shemeji. Wakijua hapa ofisini kwamba nimekuandikia, kibarua changu kimeota nyasi. Hamjambo nyote? Mimi mzima, ila usingizi haba. Baba bado anawasomea wageni makala zako? Mimi nikimwandikia, anayejibu ni mama.

Ombi la gazeti lako la kupata ruzuku ya serikali limetua mezani kwangu, chini ya lile la kiwanda cha viatu. Kamati ya ruzuku inakaa tarehe ishirini. Nauliza tu: si wewe uliyeandika mwaka jana kwamba kiwanda kisichouza kifungwe, maana serikali si mama yake?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, baba anakohoa kidogo tu. Na ndiyo, anasoma! Jana kamng'ang'ania muuza maziwa mlangoni mpaka maziwa yakaharibika.

Siku hizi umekuwa hakimu? Mtu akikosa kiatu kipya atavaa cha zamani. Akikosa gazeti ataibiwa huku anapiga makofi. Nina wafanyakazi thelathini na mmoja. Tusipopata ruzuku, mwisho wa mwezi tunafunga. Hoja niachie mimi. Wewe gonga muhuri, bwana mdogo, ndiyo kazi yako.

Kaka yako

22 Machi

Kaka,

Natumai kikohozi cha baba kimepoa. Kiwanda kimepata ruzuku. Gazeti limenyimwa.

Ni mimi. Niliposoma "gonga muhuri", niliitafuta ile makala yako nikaibana juu ya faili. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, wajumbe wakacheka hadi machozi. Ningeweza kusema nilitetea wenye viatu, ningekuwa naongopa. Nilitaka mara moja tu uonekane mdogo. Kumbe alipomaliza akasema, "Lakini huyu jamaa anajua kuandika!" Hata pale, kaka, nilikuonea wivu.

Una siku kumi na nne za kukata rufaa. Kanuni inamkataza karani kuongeza karatasi ambayo mwombaji hakuileta. Andika hivyo, mtaje aliyeiongeza, na ombi litasikilizwa upya. Mimi nitafukuzwa. Usiponitaja, rufaa haina miguu.

Ukitaka kunijibu, usipige simu ya ofisini. Dada wa mapokezi husikiliza. Tuma kwa kinyozi aliye mkabala na lango letu, bahasha isiwe na nembo ya gazeti. Nitapita kwake kila siku saa saba mchana. Ukiona heri umwandikie mwenyekiti, yuko ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho kushoto. Hiyo haipiti mezani kwangu.

Mdogo wako