Kuku Wanaolala Kwenye Lori Lako

Baba,

Leo asubuhi nimefungua mlango wa lori lako, na kuku wote wanne wameshuka kwa miguu yao wenyewe. Ni siku ya tisa mfululizo. Nimengoja niwe na habari kama hii ndipo nikuandikie, maana kumwandikia marehemu kumwambia kuku wake wanaliwa niliona haya.

Ndiyo, walikuwa wakiliwa. Ulituachia kumi na mmoja.

Unakumbuka majirani zetu hapa Nyakuron walivyokucheka? Barabara ya Nimule ilipoharibika, magari yakichomwa moto, wewe uligeuzia njiani, pale Nesitu, na mzigo wako, ukaegesha lori uani na kusema hutazika tanboi mwingine, msaidizi wako wa safari. Matairi ukauza, lori likabaki juu ya mawe. Kisha kicheche akachimba chini ya banda la udongo na kumaliza vifaranga, nawe ukawahamishia kuku kwenye kebini. Uliteremsha vioo, ukafunga wavu madirishani wapate hewa, maana joto la Juba lingewapika wazima. Jioni uliwapandisha mmoja mmoja kama abiria huku ukimtania jirani: "Kuku yangu iko na gari. Ya kwako iko na nini?" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi hacheki sana. Malaria ilikuchukua kwa siku tatu tu, tukakuzika Rejaf kwa watu wako, na tuliporudi nyumbani kilichotulisha ni mayai. Unga ukikosekana, tuliyapeleka kwa majirani tukabadilishana. Ndipo kuku wakaanza kufa. Kila baada ya siku mbili tatu nilikuta mmoja hana kichwa, na milango imefungwa vilevile nilivyoifunga mimi. Mama akaanza kukusanya vyombo kwenye gunia. "Hii kuku ikiisha, khalas, sisi narudi Uganda," alisema. Unajua alivyoichukia kambi ile ya wakimbizi. Alikulia humo, akaapa kwamba mtoto wake hatapanga foleni ya maji tena. Kumsikia akiitaja kwa mdomo wake kuliniuma kuliko njaa.

Jirani akasema ni uchawi. Mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukisema injini ikikataa kuwaka: "Gari haina uchawi, iko na sababu." Nikamwaga majivu kwenye ngazi, kwenye boneti na kwenye kingo za madirisha yote mawili. Asubuhi majivu yalikuwa yametulia, hayana hata alama ya ukucha, na kuku mweupe amekufa. Basi nikalala chali chini ya lori, pale tulipozoea kulala mimi na wewe tukipasiana spana. Juu ya giaboksi, kwenye ile grisi ya zamani, niliona nywele za mnyama na nyayo ndogo zinazopanda juu. Nikazifuata kwa macho. Mwanga wa kebini ulikuwa unapenya sakafuni, pale inapotokea fimbo ya gia.

Hapo nikajua nani alimfungulia kicheche mlango.

Ni mimi, Baba. Wiki ile ya matanga, watu wakiwa bado wamekaa mkekani, niliingia kwenye lori nikitafuta kitu chako cha kushika. Nikataka kile kirungu cha gia, ambacho kiganja chako kilikilainisha mpaka namba zikafutika. Kilikuwa kimekaza. Nikavuta, nikazungusha, nikavuta tena, na ule mpira mkuukuu unaoziba tundu la gia ukachanika ukatoka wote. Sikuujali. Nililala na kirungu chako chini ya mto wiki baada ya wiki, na huku nyuma kicheche anakula. Kuku saba! Nisamehe, Baba. Nilikuwa nakulilia tu.

Nilimweleza Mama akiwa anachambua mboga. Nilidhani atanipiga mwiko, na ukubwa wangu wote huu. Akaweka mboga chini. Kisha akaingia ndani, akatoka na zile ndara zako za tairi, ambazo alituambia amezigawa Rejaf pamoja na nguo zako. Kumbe zilikuwa chini ya kitanda chake muda wote huo. Akaziweka mbele yangu, na kisu juu yake.

"Kata," akasema. "Yeye nafurahi kuku iko salama. Mimi naweza kulia bila kiatu."

Tulikata pamoja, tunalia na kucheka, maana ndara zako zilikataa kisu kama wewe ulivyokuwa ukikataa dawa. Nikazitoboa kwa msumari wa moto, nikazibana sakafuni kwa bolti nne, ndara moja kulia na nyingine kushoto, zikaikumbatia fimbo ya gia hata kidole hakipiti. Kirungu nikakirudisha mahali pake. Matundu ya pedali nikayaziba kwa bati la mkebe wa mafuta ya msaada. Safari hii nilikagua chini kwanza, kisha juu, kisha chini tena.

Kicheche alikuja usiku uleule. Asubuhi ndara zilikuwa na alama za meno ukingoni. Aling'ang'ana, akachoka, akaenda zake. Alijaribu mara mbili zaidi, na sasa haji. Mama amerudisha vyombo jikoni. Lile gunia amelikata akamtandikia kuku mwekundu, ambaye akishuka kula hurudi upesi kulalia mayai kumi juu ya kiti chako cha dereva, na mtu akisogea anadonoa. Risasi bado zinasikika siku nyingine, sikudanganyi. Lakini juzi nilimsikia Mama akimwambia jirani kwamba vifaranga wakitoka atawatafutia mtama, na Uganda hakuitaja.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kwamba banda hili nitalilinda, na kwamba sitachukua tena kitu chako kwa siri. Nikizidiwa na hamu ya kukuona, nitapanda humo mchana, nifunge mlango, nikae kiti cha tanboi. Cha dereva kina mwenyewe.

Binti yako,
Poni