Waya Niliochomoa

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Alhamisi, tarehe 14.

Mpendwa binti yangu,

Hujambo huko ugenini? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila goti la kushoto lina kiburi. Mama yako hajambo. Amenivimbia, na safari hii ana haki.

Mwanangu, nimeharibu. Unajua binti yako anaigiza damu kwenye kompyuta kwa ajili ya chuo: seli nyekundu zinaelea katika plazma, yale maji ya damu, zikifika penye mshipa mwembamba zinajikunja na kupenya moja moja, kama wanene mlangoni. Anataka kujua zile zilizokakamaa, kama za wagonjwa wa selimundu, zitaziba wapi. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini hilo liliniingia.

Hesabu hiyo huenda siku saba bila kupumzika. Jumatatu asubuhi, siku ya sita, nikakuta kioo cheusi. Nikasema mashine imelala. Nikachomoa waya, nikachomeka pasi. Suruali ilinyooka kama rula!

Mjukuu aliporudi hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Alikuwa amehifadhi kazi ya siku nne tu. Zikabaki tatu za kukamilisha, na mwalimu wake anataka majibu leo saa tisa alasiri, la sivyo anarudia mwaka. Tangu hapo mimi kwake ni kabati.

Basi nimeweka kiti mbele ya soketi, sibanduki. Pasi imepigwa marufuku. Mama yako ameenda kazini na gauni lililokunjamana kama noti ya sokoni.

Saa nne hii taa zimepepesa. Nimeikumbatia soketi kwa mikono miwili, utadhani umeme ni mbuzi wa kushikwa pembe. Mashine ikaguna, ikaendelea. Mjukuu akanitazama, akageukia kioo chake.

Naendelea, sasa ni saa sita na robo. Imemaliza! Seli laini zimepita, ngumu zimesongamana penye kona ileile aliyoitabiri tangu mwaka jana. Ametuma majibu, akashusha pumzi, akanipa neno la kwanza tangu Jumatatu:

"Babu, nenda kaoge. Unanuka."

Nimesamehewa, binti yangu. Naenda kabla mchumba wangu huyu mdogo hajabadili mawazo.

Msalimie mumeo na mdogo wako. Mungu akupe afya, usingizi mzito na wajukuu wavumilivu.

Wako akupendaye,
Baba yako, mlinzi wa soketi