Mama Amekula na Mume Wangu

Kasulu, Jumapili, Septemba 2014

Salimu amelala anatabasamu. Anaamini leo mama yangu amemkubali.

Kabla ya leo, mama hakuwahi kuja kwetu tangu tufunge ndoa bomani. Yeye alitaka Salimu abatizwe, kwao Tanga walitaka mimi nisilimu, tukaishia kwa mkuu wa wilaya, kila mtu na dini yake.

Nilimtandikia mkeka jikoni, kwa heshima. Kwetu Waha, mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Mume wa dada yangu alifunga ndoa kanisani. Huyo akiingia uani tu, mama anajitanda khanga na kupita nyuma ya nyumba.

Leo mama aliukataa mkeka. Akaja sebuleni, akamega ugali sinia moja na Salimu, akaisifia migebuka, samaki alionunua Salimu, akacheka mpaka akapaliwa.

"Umeona? Mama kanizoea!" Salimu aliniambia. Nikaitikia tu.

Nilipomsindikiza stendi, nikamuuliza mama kwa nini hakumstahi mkwewe.

"Mkwe yupi, mwanangu?" Aliniuliza kwa upole kabisa, ndicho kinachoniuma. "Yule ni kijana mzuri unayekaa naye. Siku Mungu akiwaunganisha, nitamkimbia."

Cheti chetu kina muhuri wa serikali. Nilidhani kinatosha. Mbele ya ule mkeka mtupu...

Salimu sijamwambia. Anataka tumwalike tena mama, wale pamoja. Na mimi, Mungu anisamehe, ninachokitamani ni kumwona mama yangu akimkimbia mume wangu.