Lambo Lako Limefika Geita

Geita, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, maana konda wa basi ameniahidi kwamba bahasha hii utaipata hapo Tinde asubuhi, kabla hujamaliza uji. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia kuwa baridi imelichokoza tena. Dawa ya kuchua nimempa konda huyohuyo, asipokupa, mdai. Mimi ni mzima, nimeungua jua tu kwa kushinda juu ya nguzo.

Simu huisikii vizuri, na jambo hili sitaki likupite, ndiyo maana nimekaa kuandika. Kwanza acha kuwaambia watu kuwa nafunga umeme! Ninafunga faiba, uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na ndani yake hupita mwanga unaobeba intaneti. Uzi mmoja hutoka ofisini kwetu hadi kwenye nguzo ya mtaa, na hapo hugawanywa kwa wateja kumi na sita. Kupokea, wanapokea wote bila shida. Kazi ipo kwenye kupeleka. Kila kiboksi tunachomfungia mteja husubiri mashine ya ofisini ikipe zamu, kiwashe mwanga wake kidogo, kizime, kipishe kingine. Viwili vikiwasha pamoja, hakuna kinachosikika.

Najua umeshaelewa. Umepanga zamu za ng'ombe kunywa maji pale lamboni tangu sijazaliwa.

Sasa sikia. Wiki iliyopita kuna mtaa ambako mtandao ulikuwa unakufa kila siku saa tatu asubuhi na kufufuka jioni. Watu wakamnyooshea kidole Mama Kulwa, mjane mwenye steshenari, anayewajazia vijana fomu za vyuo. Ana kompyuta sita, anafungua saa tatu, anafunga jioni. Aliyepiga kelele kuliko wote ni jirani yake Bwana Shija, mnunuzi wa dhahabu. "Yule mama anatumaliza! Mkateni!" Injinia wetu akakubali, akanituma nikamkate.

Nilipofika nikakuta foleni ya vijana hadi barabarani. Zilibaki siku mbili fomu zifungwe. Mama Kulwa hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ukishakata, hawa watoto niwaambie nini?"

Hapo nikakukumbuka wewe, siku wafugaji walipotaka kumfukuza yule mzee mwenye kundi kubwa kwa kuwa maji ya lambo yalikuwa hayafikiki. Ukawaambia, "Msiulize nani ana ng'ombe wengi. Ulizeni nani kaziba njia na hanywi." Kumbe ni maksai mmoja tu wa mtu mwingine, kajilaza kwenye njia ya kushukia.

Nikampigia injinia. "Naomba saa moja, nina wasiwasi si yeye."

"Kabula, ukikosea utawajibika mwenyewe."

"Nitawajibika."

Sikufichi, Baba, niliogopa. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, na fundi wa kike akikosea huku hasahauliki. Nikapanda nguzo. Nikachomoa uzi wa Mama Kulwa kwanza: mtaa bado umekufa. Nikaurudisha, nikachomoa wa pili, nikaurudisha, wa tatu, hivyohivyo. Nilipochomoa wa tisa, foleni nzima ikapiga vigelegele huko chini. Fomu zilikuwa zinakwenda.

Wa tisa ulikuwa wa Bwana Shija.

Dukani kwake nikakuta kiboksi chetu kiko kwenye droo. Mahali pake kuna boksi la chuma, alilonunua kwa wauza vitu vilivyotumika. "Hiki ni cha mgodini, mdogo wangu. Hakifi hiki!" Watu wa huku ndivyo walivyo, hata kijiko kikiwa kimetoka mgodini wanakiona bora kuliko kipya cha dukani. Mtandao ulimsumbua siku moja, akabadilisha. Na kwa kuwa majirani nao walikosa, akadhani kosa ni letu, akaendelea kulalamika. Kumbe boksi lile limetengenezwa kwa mtu mwenye uzi wake peke yake. Halijui zamu. Naye hufungua saa tatu, na akiliwasha, mwanga unakaa hadi anafunga duka. Nilipomweleza alivua kofia, akaenda mwenyewe kumwomba radhi Mama Kulwa.

Injinia akaniuliza nimefundishwa wapi kutafuta hivyo. Nikamwambia, "Na baba yangu, lamboni Tinde." Wakacheka wote. Ila tangu siku ile, mtaa ukisumbua, mafundi huambiana, "Tafuta maksai."

Kaka Maduhu msalimie, mwambie ndama wangu asimhesabu kuwa wake. Shangazi wa Isaka mwambie wabeja, nashukuru kwa karanga, zilifika nusu, konda alizionja. Bibi mshikie mkono kwa niaba yangu.

Baba, Mama alininong'oneza kwamba tangu mabomba yafike, unakaa barazani ukisema kazi yako ilikufa pamoja na lambo. Jana nimepita kwa Mama Kulwa. Nyumba kumi na sita zilikuwa zinapishana kwenye uzi mmoja, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Nilisimama pale nikaona fahari mpaka machozi yakanilenga. Zile ni zamu zako.

Mwanao,
Kabula, binti wa Mzee wa Lambo