Kopo Lilikuwa Jipya, Shangazi

Shangazi Tatu,

Shikamoo yako nimeiweka kwanza. Utaipata mlangoni kwangu ukifika, kama utakubali kufika baada ya kusoma haya.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita hapa nyumbani Kongowe, Hadija wako akanipigia simu. Alizunguka mno. Akauliza mvua za kwetu Kibaha, akauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, akauliza kama bado nasoma chuo huku nafundisha. Ndipo akatua. "Dada, mama presha imempiga. Mkono wa kulia hauna nguvu kabisa. Daktari anataka ahudhurie kliniki huko Kibaha kila wiki, na kutoka Kurui hawezi. Tunaomba akae kwako." Akaongeza, kwa sauti ya kubembeleza, "Hata kopo la dawa hawezi kulifungua mwenyewe."

Nilicheka, shangazi. Hadija alidhani nalia, akaanza kunipa pole. Nikamwacha anipe.

Mama yangu alikuwa jikoni anachambua mchicha na simu ilikuwa kwenye spika. Akasema bila kuinua uso, "Mwambie aje." Hakuuliza atalala wapi, hakuuliza kwa muda gani. Mimi nikamwambia Hadija nitawapa jibu. Jibu ndilo hili, na ninalituma kipande kwa kipande kwenye kundi la ukoo ili kila mtu alisome, maana na jambo lenyewe lilifanyika mbele ya ukoo. Dakika tano zilizopita nimemwingiza mama kwenye kundi. Katibu wenu ni mimi. Miaka yote hii nimewapangia michango ya harusi na kuwatangazia misiba, na jina lake halikuwemo. Sasa limo, na atakayelitoa tutajuana.

Usidhani sikumbuki mazuri yako. Ulikuwa unanisuka nywele za twende kilioni barazani kwako kila Idd inapokaribia, umenibana kichwa kwa magoti, huku korosho zinaungua jikoni kwa sababu umenogewa na maneno. Nikilia unanipulizia utosini na kuniambia, "Vumilia, mtoto wa kaka, uzuri unauma." Nilikuwa nikijisikia mtu hasa nikitoka kwako. Katika ndugu wote wa baba nilikupenda wewe, na ningependa ulijue hilo kabla hatujaendelea, kwa sababu mtu nisiyempenda asingenikaa kooni kwa miaka kumi na minane.

Sasa tukumbushane.

Baba alipopigwa na kiharusi mdomo ulienda upande, na kidonge kizima hakikuweza kupita. Mama akawa anavisaga kwa mgongo wa kijiko kwenye kisosi, anavikoroga na uji kidogo, anampa hicho kijiko cha uchungu kwanza, halafu ndipo uji wenyewe wenye sukari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na kazi yangu ilikuwa kumshika baba kichwa. Kila asubuhi, kabla sijaenda shule. Mwaka mzima. Wewe mwaka huo ulikuja mara mbili. Mara ya pili ulisimama kwenye mlango wa chumba, mkono kwenye fremu, ukaangalia kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho, ukasema, "Wifi, una mkono mwepesi." Mama alitembea na hayo maneno siku nzima. Jioni aliyarudia kwangu kama vile sikuwepo: "Umemsikia wifi yangu?"

Jumanne moja mama alienda hospitali Kisarawe kuchukua dawa, kopo la zamani lilikuwa limekwisha. Akarudi na kopo jipya. Jumatano asubuhi akasaga viwili, baba akameza, akanywa uji nusu bakuli, na kabla ya adhuhuri akafariki. Kopo likabaki juu ya kabati, pungufu ya vidonge viwili.

Siku arobaini baadaye, baada ya dua na chakula, wazee wakakaa barazani, nawe ukatoka ndani umelishika. Ukalitikisa. "Hili nimelikuta juu ya kabati. Limejaa. Niambieni nyie, mgonjwa anayepewa dawa, kopo lake linajaa?"

Kwetu kikao kina utaratibu wake na hakuna anayeuhoji. Anaanza mkubwa kuliko wote, kisha wanashuka kwa umri mpaka wa mwisho. Baba Mkubwa Shomari akakohoa, akasema, "Kama limejaa, limejaa." Aliyefuata akasema hana la kuongeza. Aliyefuata akasema anaungana na waliomtangulia. Wakateremka hivyo mpaka wote kumi na wawili wakaisha, na hakuna hata mmoja aliyeomba kopo alisome tarehe. Baba Mdogo Seifu alikuwa anakuja kumwona baba kila Ijumaa, alishakuta kisosi na kijiko mara sijui ngapi. Naye akaungana na waliomtangulia.

Ukanigeukia. "Na wewe ulikuwa humo ndani. Mama yako alikuwa anampa kaka yangu dawa, hakuwa anampa?"

Nikasema, "Sijui."

Mama alikuwa hatua nne kutoka pale nilipokaa, nyuma ya pazia, katika eda. Mnajua wote kwa desturi yetu mwenye eda hajitokezi barazani kwa wanaume. Pazia likatikisika kidogo, likatulia. Wewe ukalinyooshea kidole. "Mnaona? Hata mwenyewe kanyamaza. Angekuwa hana hatia si angesema?" Watu wakatikisa vichwa. Eda ilipoisha masanduku yake mlishayatoa nje.

Alikuja huku Kongowe akapata kazi ya kupika uji shuleni. Ulisema hawezi kumnywesha mtu mmoja, shule nzima ikapanga foleni na vikombe mbele yake mpaka alipostaafu. Mwezi wa kwanza, kwenye chumba tulichopanga, nilijaribu kulisema. Nikaanza, "Mama, ile siku barazani..." Akanikatiza. "Ulikuwa mdogo." Akanisogezea vitunguu nimenye. Nikamenya, na machozi yale tukayasingizia vitunguu wote wawili.

Miaka hii nasoma shahada kwa masafa, na muhula uliopita tulikuwa na somo la saikolojia ya jamii. Mimi nilidhani ni mambo ya vichaa. Kumbe ni kikao chetu. Kuna jaribio moja la watu kuonyeshwa mistari na kuulizwa upi ni sawa na upi. Jibu liko wazi, kipofu tu ndiye atakosa. Lakini wale wa mwanzo wamepangwa waseme uongo, na yule wa mwisho, asiyejua kitu, anawasikiliza, anaangalia mistari, anameza mate, na mara nyingi naye anasema walivyosema wenzake. Nililisoma mara mbili. Halafu nikasoma kwamba akitokea mmoja tu kati ya wale wa mwanzo akasema kweli, yule wa mwisho hupata nguvu ya kusema. Mmoja tu, shangazi. Nilifunga kitabu nikatoka nje nikafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Kuna na hili la pazia. Kitabu kinasema binadamu tukimwona mtu amefanya jambo, haraka tunasema ndivyo alivyo, hatutazami kilichomzunguka. Mama alinyamaza kwa sababu ya eda. Nyie mkasema amenyamaza kwa sababu ana hatia. Desturi mliyomwekea wenyewe mkaigeuza shahidi dhidi yake, na mkaenda kula pilau iliyobaki.

Na wewe mwenyewe nimekupatia maelezo. Mtu akiwa na mambo mawili kichwani yasiyopatana, hana raha mpaka moja aliondoe. Wewe ulikuwa na haya: kwamba unampenda kaka yako kuliko kitu chochote, na kwamba mwaka mzima aliougua ulikuja mara mbili. La kwanza hukuweza kuliacha, la pili huwezi kulifuta. Basi ukatafuta mtu wa tatu wa kubeba lawama. Ulipolitikisa lile kopo, moyo wako ulipumua, niliuona ukipumua. Nakuelewa kabisa. Usije ukadhani kukuelewa ni kukusamehe, hivyo ni vitu viwili na mimi ninacho kimoja.

Mwalimu wetu wa chuo alitupa zoezi tuchukue dhana tatu tuzieleze kwa tukio la maisha yetu. Nilikuandika wewe. Niliandika kurasa nane kwa raha ambayo sijawahi kuipata kwenye kitu cha shule. Nilikuchambua kama dagaa, kichwa huku, utumbo huku. Moyo wangu ulisuuzika. Kazi ikarudi na alama za juu, na pembeni mwa ukurasa wa mwisho, kwa kalamu nyekundu, ameandika: "Vizuri sana. Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilimchukia wiki nzima. Lakini alikuwa ameona. Wewe nilikuwa nimekueleza kwa roho mbaya yako, mimi nikajieleza kwa umri wangu, wingi wa watu, utaratibu wa kikao. Kila mtu kwenye ile karatasi alikuwa na kosa ila mimi niliyekuwa na sababu. Wale wazee hawakuwa chumbani asubuhi ile. Hata wewe hukuwepo. Niliyekishika kichwa cha baba ni mimi, na ndimi niliyesema sijui. Mama hakutoka nje ya pazia kwa ajili ya eda, lakini nadhani hata bila eda asingetoka tena baada ya kunisikia. Nina hasira na wewe, shangazi, na nusu yake ni yangu, na hiyo nusu ndiyo inayoniamsha.

Basi jibu la Hadija ni hili. Njoo. Kitanda kipo, chumba kina dirisha, choo kiko ndani hutashuka ngazi. Kliniki nitakupeleka mwenyewe. Chakula chako hakitatiwa chumvi, na usilalamike. Ila dawa zako sizishiki mimi, wala msichana wa kazi, wala Hadija akija kukusalimia. Kopo litakaa juu ya kabati la mama. Kila asubuhi atalifungua yeye, atavihesabu mbele yako, atavisaga kwa mgongo wa kijiko kama havipiti, na utafungua mdomo kwa wifi yako.

Kisha utachukua simu kwa huo mkono mzima, utarekodi sauti, utaituma humu kundini. Neno moja linatosha. "Amenipa." Kila siku. Siku ya Idd pia. Siku ukiwa umeamka na kisirani pia. Baba Mkubwa Shomari, ambaye namwona hapa ameshafungua ujumbe, atakuwa anajibu kwamba amesikia. Baba Mdogo Seifu naye. Nawataja kwa majina kwa sababu nimejifunza kwamba ukiwaambia watu wote, kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Kitabu kinasema mtu akilitamka jambo kwa hiari yake, mbele ya watu, siku baada ya siku, moyo nao huanza kulifuata. Kwa hiari yake, ndivyo kilivyoandikwa. Kwa hiyo sikulazimishi. Unaweza kukataa ukabaki Kurui na kopo usiloweza kulifungua. Mama akisoma hapa atanigombeza, najua, ataniambia mgonjwa hawekewi masharti. Mama, nisamehe, hili ni langu. Wewe fungua kopo, mengine niachie.

Najua utajitetea kwamba umri huo si wa kuaibishwa. Mama alikuwa na thelathini na saba mlipomwaibisha, na hakuna aliyeuliza ni umri wa nini.

Kikao hiki nakiendesha mimi, na nimebadilisha utaratibu. Safari hii anaanza mdogo. Swali ni lilelile uliloniuliza, na mama hayuko nyuma ya pazia, yuko hapa jikoni na simu yake imelia sasa hivi.

Alimpa. Kopo lilijaa kwa sababu lilikuwa jipya. Alimpa asubuhi ile ya Jumatano, alimpa kila asubuhi kabla yake, na mimi nilikuwepo, nilimshika baba kichwa.

Zamu yako, shangazi.

Mimi,
binti wa wifi yako