Kipimo cha Kahaso

Tezo,
Kilifi.
14 Septemba 2024.

Mpendwa dada Kache,

Shikamoo, dada. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Doha, na kwamba mgongo umepungua kukuuma. Je, yule mama wa nyumba amekupa chumba chenye dirisha, au bado unalala pale stoo? Nikila nakuwaza, nikilala nakuwaza.

Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya watu waliofiwa. Mume wangu Ngumbao hajambo. Kalama wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anazungumza kama mzee. Kaka Mwaro kifua kimemwachia kidogo. Mvua ilikatika mapema, mahindi yakakaukia shambani, lakini kunde tulipata na mihogo ipo. Hatujalala njaa.

Usishangae mwandiko. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuandika kwa kijiti mchangani, na unajua herufi zangu zilikuwa zikisimama wima kama askari. Mbele nitakwambia kwa nini zimelala. Barua ataileta Jedida, yule binti wa fundi cherehani, naye amepata kazi huko. Simu sikuitaka. Simu Kaka Mwaro huisikiliza, na haya niandikayo hataki uyajue.

Kaka alikwambia kwamba siku tuliyomzika mama watu walijaa hadi barabarani. Alikudanganya, dada, kwa kukuhurumia. Watu hawakuja. Wanaume walikuja, wakachimba kaburi, wakanawa mikono, wakaenda zao bila kugusa hata maji ya kunywa. Mwanamke hakuja hata mmoja. Nani alimwosha mama? Mimi na wifi yetu, mke wa Mwaro. Maji nilichota mimi. Kuni nilipasua mimi. Mchungaji alihubiria mabenchi, maana wanawake wa kanisani kwetu ndio hao hao wa kiwandani ninakofanya kazi.

Ule mchele na wale mbuzi uliotununulia kwa jasho lako, tulipika vyote, kwa kuwa nilikuwa bado naamini watakuja. Masufuria yalikaa uani yamefunikwa. Siku ya tatu wali ulianza kunuka, Ngumbao akachimba shimo nyuma ya migomba tukaufukia. Nakwambia kweli, niliulilia ule wali kuliko nilivyolia kaburini. Mama alizikia watu wa Tezo yote hii, na zamu yake ilipofika akakosa wa kumwimbia.

Utauliza, tumewakosea nini? Kosa ni mikono yangu.

Unakijua kile kiwanda kidogo cha korosho nilichoingia mwaka juzi. Kazi ni kubangua: unaweka korosho juu ya jiwe, unaigonga kwa kinyundo cha mti, unatoa kiini kizima. Ukikivunja, hakina bei. Ganda lina mafuta meusi yanayounguza ngozi, ndiyo maana kila asubuhi tunajipaka majivu na mafuta ya nazi vidoleni. Basi mimi, sijui niseme nini, nilikuta najua tu. Mkono unaisikia korosho kabla sijaigonga. Wenzangu wakijaza beseni moja, mimi naelekea la pili, na vyangu vizima.

Nilifurahi, sikufichi. Mwanamke ambaye shule ilimshinda akisifiwa kwa jambo, si ajabu akachangamka. Msimamizi wetu, Laban, akanipa jina: Mashine. Wageni wa tajiri mwenye kiwanda wakija, wanaletwa kwangu kwanza. Nikawa nawafunza wafanyakazi wapya, narudia mabeseni ya waliovunja, nabaki nyuma mzigo ukitakiwa haraka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa na sikutia hata tone, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Nafasi ilipotokea ya meza ya kuchagua, kazi ya kukaa kwenye kiti, bila mafuta yale, niliiomba. Alipewa Abigael. Dada, Abigael huvunja korosho kuliko wanawake wote wa pwani hii! Nilipomuuliza Laban, alishangaa kweli kweli. Akasema, nikikuondoa wewe, Mashine, nani atabangua? Hivyo aliyeshindwa kazi akapandishwa kiti, na aliyeiweza akafungwa kwenye jiwe lake.

Hilo ningelimeza. Lililotuua lilikuja Februari. Laban alipima mabeseni yangu ya siku nzima bila kuniambia anapimia nini. Kesho yake tukakuta uzito wangu umeandikwa kwa chaki mlangoni, na amri kwamba tangu leo hicho ndicho kipimo cha kila mtu. Asiyekifikia siku yake haihesabiwi. Wanawake wakakiita Kipimo cha Kahaso, wala si kwa sifa. Wapo mama wazima, dada, wenye wajukuu, waliotoka pale jioni mikono imeungua na siku haikuhesabiwa. Na kila walipoinua macho kuangalia mlango, waliniona mimi.

Nilikwenda kwa Laban nikamwambia akishushe kile kipimo. Akacheka, akasema nawaonea wenzangu huruma ya bure. Wenzangu nao wakasema nimekwenda kujipendekeza. Salamu zikakatika. Nikikaa benchi hili, wanahamia lile. Nikadhani ni hasira za kiwandani, zitaishia getini. Kisha mwezi wa tano mama akatutoka, ndipo nikajua nimesusiwa kweli.

Tena Laban alinipa siku moja tu ya kuzika. Mzigo wa meli unangoja, alisema, na Mashine ni moja. Nikarudi kazini na udongo wa kaburi bado kwenye nguo.

Baada ya mazishi nilimfuata Easter. Unamkumbuka Easter, tuliyeiba naye mihogo ya mama yake, tukachapwa pamoja. Siku hizi yeye ndiye mkubwa wa wanawake pale. Nilimkuta anapeta mchele, hakuniambia karibu. Nikamuuliza mama yangu aliwakosea nini.

"Mama yako hakutukosea, na wewe hatukuchukii, Kahaso," aliniambia. "Tumeisusia hiyo mikono yako. Ikitulia, tutakuja."

Hanga ya pili ya mama, matanga yale ya kuondoa msiba, ilikuwa Agosti. Nikaona nikimkosesha watu mara ya pili, sitakuwa na uso wa kumtajia mtoto wangu jina la bibi yake. Basi nikajaribu kupunguza mwendo. Dada, sikuweza! Nikijikaza kwenda polepole kwa muda, nikisahau kidogo tu, mkono unakimbia wenyewe. Nikavunja vichache kwa makusudi, Laban akaviona mara moja. Alisema Mashine ikianza kugoma itauzwa chuma chakavu. Na Ngumbao unajua hana kazi tangu hoteli ile ya Malindi ifungwe.

Kwa hiyo niliacha kujipaka mafuta. Hilo tu. Asubuhi wenzangu wakijipaka, mimi nilipaka majivu makavu nikaingia kazini. Wiki ya kwanza ngozi ilikuwa nyeusi, ya pili ikatoka, kisha vidole vikavimba hata kinyundo hakishikiki. Laban hakuweza kusema nimegoma, maana aliona usaha. Sasa hakukuwa na hata mmoja wa kukifikia kile kipimo, akakishusha, akafuta chaki. Ngumbao alidhani ni ajali, na nakuomba abaki kudhani hivyo.

Wakaja, dada. Siku ya hanga asubuhi nilisikia nyimbo kutoka kule barabarani, nikatoka, nikawaona wamebeba ndoo za maji vichwani, Easter mbele. Walipika, walicheza hadi vumbi likafunika nyumba, walimlilia mama yetu kana kwamba amekufa siku ile. Mimi nilikaa kwenye mkeka, mikono imefungwa vitambaa, na Easter alinilisha wali kwa mkono wake. Nilikula huku nalia, wala sijui hata leo nililia kwa furaha au kwa uchungu. Walinipenda sana siku ile. Walinipenda kwa sababu nilikuwa sifai kitu.

Daktari wa zahanati anasema vidole viwili vya kulia havitakunjika tena sawasawa. Ndiyo maana herufi zangu zimelala. Pale kazini nabangua kama wengine, navunja kama wengine. Laban haniiti tena Mashine. Hanisemeshi kabisa.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kwako sijawahi kubakiza neno. Mwezi huu ameingia msichana kutoka Mnarani, Cynthia, ametoka shule juzi. Ana mikono, dada! Nilimtazama siku ya kwanza nikajiona mwenyewe. Jumatatu Laban alimpima. Jumanne chaki ikarudi mlangoni, juu kuliko ile yangu.

Jana tumekaa kwenye benchi, Cynthia akapita na beseni lake, anatabasamu, hajui lolote. Akanishika bega, akaniambia shikamoo, mama. Nikamtazama Easter. Easter alikuwa anaangalia chini. Wote walikuwa wanaangalia chini. Nami nikainama, nikachukua korosho yangu, sikumwitikia. Ni mtoto, na mama yake yu hai bado; siku ya kumzika atakuja nani?

Basi ndiyo habari. Juzi ulimwambia Kaka kwa furaha kwamba mama wa nyumba amekusifia mapishi na sasa anataka uwapikie na dada zake. Dada yangu, nakusihi, mara moja moja uunguze wali.

Nisalimie wote unaokaa nao huko. Kaka Mwaro na wifi wanakusalimu, Ngumbao anakusalimu, Kalama anasema umletee mpira. Kaburi la mama nimelipanda maua, yameshika.

Mama alizoea kutuombea mikono isiyokosa kazi. Mimi nakuombea ya kadiri, dada, isiyosifiwa wala kulaumiwa, na Mungu akurudishe nyumbani nayo yote miwili.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kahaso